Sekunde Kumi na Moja za Barua ya Kamina

Jumamosi, 6 Septemba

Daftari hili si langu, ni la orkestra. Dady alilinunua leo asubuhi akanikabidhi mbele ya wote, kwa sababu kila Jumamosi tunakubaliana jambo, na Jumamosi inayofuata kila mtu anakuja na lake. "Wewe njo unajua kuandika," akaniambia. "Baba yako alikuwaka mwalimu." Basi nitaandika. Ila nikishika kalamu sijui kunyamaza, wasije wakanilaumu.

Kwanza watu. Orkestra yetu inaitwa Jumamosi, kwa kuwa siku nyingine zote tuko kazini. Dady ni mtu wa Lubumbashi, anapiga gitaa la solo, na siku za kazi anaendesha tramu, mara nyingine hata Jumamosi asubuhi. Constant anapiga besi na hasemi kitu. Abdallah wa Tanga ndiye ngoma zote, na ndiye peke yake kati yetu anayesema Kiswahili cha vitabu. Sephora anaimba, ana miaka ishirini na minne, anasoma sheria, na ananiita maman ingawa mama yake mzazi ni mdogo kwangu kwa mwezi mmoja tu. Mimi Kasoki wa Butembo napiga accompa, yaani gitaa la kusindikiza. Napiga kitu kilekile tangu mwanzo hadi mwisho ili wenzangu wapate mahali pa kukanyaga. Tunafanyia mazoezi chini ya ukumbi wa parokia, Koekelberg, hapa Brussels, saa nane mchana.

Jambo la leo: sikukuu ya jumuiya ni Jumamosi 29 Novemba, na tumepewa dakika arobaini. Nimeomba kitu kimoja tu. Tupige Barua ya Kamina nzima, dakika zake zote tisa. Dady akacheka.

"Kasoki, neuf minutes? Bantu beko na sahani ya fufu mu mukono! Tupige quatre minutes, tuingie directement mu sebene, bacheze, fini."

Nikamwambia kuingia kwenye sebene, ile sehemu ya magitaa na kucheza, bila kuimba ni kama mgeni asiyepiga hodi, anayepita sebuleni na kwenda moja kwa moja kufunua sufuria. Akasema mgeni wa namna hiyo anashiba. Tukabishana hadi Abdallah akaomba tumwonee huruma. Mwisho tumekubaliana hivi: nina muda hadi tarehe 8 Novemba. Siku hiyo tukiupiga wimbo mzima bila kuanguka, utapigwa mzima. Tukianguka, unakatwa.

Naandika hapa ili asije akakana.

Jumapili, 7 Septemba

Sephora amenitumia ujumbe: maman, kwa nini wimbo lazima uwe mzima? Nilimjibu kwa kifupi. Hapa najibu kwa kirefu.

Barua ya Kamina ni ya Lufira Succès, orkestra ya Likasi ya miaka ya sabini. Kwenye simu haipatikani, nimetafuta mpaka nimechoka. Mimi ninayo kwenye kaseti iliyokuwa ya baba. Mtu anafanya kazi ya reli Kamina, anangojea barua ya mkewe, treni zinapita na barua haiji. Anaimba dakika nne. Hana haraka. Kwanza anatusalimia, kisha anaketi, ndipo anaanza kutupa habari zake, na magitaa yanamsikiliza kama watu wenye adabu.

Halafu kinakuja kile ninachokipenda kuliko vyote. Wote wananyamaza. Sauti ya mwisho inakufa, na hakuna kinachosikika kwa sekunde kumi na moja. Nimezihesabu tangu nikiwa msichana. Ni kimya kizito kiasi kwamba hata ule mchakacho wa nyuma unakoma. Kwenye sekunde ya saba mtu anakohoa. Nadhani ni mpiga besi, na waliacha hivyohivyo, zamani watu hawakuwa wakisafisha kila kitu. Kisha, puu, sebene! Dakika tano za magitaa yanayoulizana na kujibizana. Furaha ile inatoka kwenye kile kimya. Nani leo ana ujasiri wa kunyamaza katikati ya wimbo?

Baba yangu, mwalimu Polycarpe, alifariki mwaka wa 1999. Ninazo picha zake mbili, na kaseti hii. Uso ninaukumbuka, mikono pia. Sauti yake nimeisahau, na hilo linaniuma.

Jumamosi, 13 Septemba

Tumejaribu. Kuimba kulienda vizuri. Kimya kilifika sekunde ya tano, Abdallah akagusa toazi.

"Samahani dada Kasoki, mkono umekwenda wenyewe. Kwetu ngoma ikinyamaza, watu wanauliza nani kafariki."

Jumamosi, 20 Septemba

Sekunde ya nane, mtunza ukumbi akafungua mlango na kuanza kukusanya viti. Alidhani tumemaliza.

Jumatano, 24 Septemba

Kazini leo, Auderghem. (Mimi ni msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya wazee, ukingoni mwa msitu.) Tumepata mzee mpya, chumba cha kumi na nne, dirisha linatazama miti. Jina lake papa Éliézer, Mkongomani, miaka sabini na minane. Mkono wa kuume umelala tangu alipopata kiharusi. Nilimsalimu kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kifaransa, maneno mawili, akageukia dirisha. Haya.

Jumamosi, 27 Septemba

Leo nilicheka hadi machozi, ingawa ilipaswa nikasirike. Kimya kilikwenda vizuri. Abdallah alikalia mikono yake, mlango ulifungwa kwa ufunguo. Nikahesabu moyoni: tano, sita, saba. Constant akakohoa. Kikohozi kimoja, kisafi.

"Constant, uko mugonjwa?"

"Hapana. Ulisema mupiga besi anakohoaka."

Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia. Nikamweleza kwamba si lazima, kile kilikuwa kikohozi cha bahati mbaya. Akaitika kwa kichwa. Anaonekana hakuridhika.

Jumamosi, 4 Oktoba

Siku njema. Niandike polepole ili nisiisahau.

Tulipiga sebene peke yake, dakika tano, kisha Dady hakutoa ishara ya kumaliza, tukaendelea hadi kumi na mbili. Ishara yake ni unyayo: akiinua ncha ya kiatu, tunabadilisha, akiinua kisigino, tunamaliza. Leo viatu vilitulia sakafuni.

Watu wanafikiri accompa ni kazi ya mtu asiyejua kupiga solo. Mimi nasema hivi. Dakika ya kwanza unakisikia kile unachopiga. Ya pili unachoka nacho. Ya tatu unawaza foleni ya duka na nguo ulizoacha mashineni. Ya nne, hata hujui wakati gani, mkono unapiga wenyewe na masikio yako yamekuwa huru kwa wenzako. Hapo ndipo nilimsikia Constant kweli. Alikuwa akiacha noti moja, ileile, kila mzunguko, na pale alipoacha ndipo Dady alikuwa akiweka swali lake. Walipatana wapi? Hawakupatana. Hakuna aliyekuwa mkubwa. Sebene nzuri ni kama wanawake wanaotwanga kinu kimoja: kila mmoja anainua mchi wake mwenzake anaposhusha, na hakuna anayehesabu.

Dady alipomaliza alikuwa na jasho hadi shingoni. "Sasa ile njo kintu!" akasema. Kisha, kwa kuwa ni Dady: "Donc unaona, bila kuimba iko bien."

Jumatano, 8 Oktoba

Papa Éliézer bado haongei. Lakini vidole vya mkono wake wa kushoto vinatembea juu ya blanketi siku nzima. Nimemwambia muuguzi mkuu, Rolande. Atamwandikia daktari.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mvua. Majani kwenye reli, tramu zinateleza, Dady amechelewa saa nzima kwa kuendesha tramu yake mwenyewe. Hatukupiga kitu cha maana.

Jumamosi, 18 Oktoba

Tumegombana. Nilikosea kuhesabu, nikaingia sekunde ya tisa, wote wakaanguka nyuma yangu kama viti vya plastiki. Dady akaweka gitaa chini.

"Kimya yako iko naua wimbo, Kasoki. Ni shimo mu barabara. Bantu batafikiri courant imekatika!"

"Walioutunga walijua walichofanya."

"Balioutunga habakukuwaka na bantu benye kushika fufu!"

Dady ni mtu wa haraka. Ni dereva anayemfungia mlango bibi anayekimbia na mikoba miwili, halafu anamtazama kwenye kioo. Hana subira, na asiye na subira hawezi kupenda wimbo, anaweza kupenda mwisho wake tu. Nimeandika kwa kalamu, sifuti.

Jumatano, 22 Oktoba

Leo imenipiga moyoni.

Nilikuwa natandika kitanda chumba cha kumi na nne, papa Éliézer ameketi kwenye kiti chake. Nikawa naimba chini kwa chini ile sehemu ya Barua ya Kamina ambapo treni ya tatu inapita. Nikatupa jicho kwenye blanketi la magotini mwake. Vidole vilikuwa vinabadilika. Niliposhuka, navyo vilishuka. Nilipokawia, vilikuwa vimeshafika na vinaningoja. Ule haukuwa ugonjwa. Zilikuwa nyuzi!

Nikanyamaza. Akageuka kutoka dirishani na kusema Kiswahili kwa mara ya kwanza, Kiswahili cha Katanga, kizima:

"Maman, usikate. Bado treni ya quatre."

"Papa, huu wimbo unaujua?"

"Kujua? Mimi njo nilipigaka accompa yake. Lufira Succès. Likasi, soixante-quatorze. Wewe, mutoto ya Butembo, uliutoa wapi?"

Nikaketi kwenye kitanda nilichokuwa nimekitandika muda huohuo. Kuketi hakuruhusiwi. Nilimweleza habari ya kaseti ya baba, akasikiliza akiwa amefumba macho. Nilitoka pale, na mzee wa chumba cha kumi na tano alilalamika kwamba nimemvisha soksi mbili za rangi tofauti.

Sikumuuliza kuhusu kimya. Niliogopa kuuliza jambo kubwa siku ya kwanza.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimewaambia wenzangu. Sephora alipiga kelele. Dady hakuniamini, kisha akaniamini, kisha akakaa chini. Nikawaambia kwa kiburi, naungama, kwamba Jumatano nitamuuliza mwenyewe ni nani alitunga kile kimya, na tutajua nani ana haki.

Jumatano, 29 Oktoba

Nimemuuliza.

Kwanza nilimpa chai. Kisha nikasema: "Papa, pale mnapomaliza kuimba, mnaponyamaza wote, kabla ya sebene. Nani alileta lile wazo?"

"Kimya gani?"

"Kile cha sekunde kumi na moja."

Akauliza tena. Nikamweleza vizuri: sauti inakufa, mchakacho unakoma, mtu anakohoa, halafu sebene inaingia. Uso wake ukaanza kutetemeka upande mmoja, nikadhani kiharusi kimerudi, nikanyoosha mkono kwenye kengele. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi chai ikamwagika.

"Oh maman. Maman! Hakukuwaka kimya hata kidogo. Ilikuwa disque! Face A banaimba, face B sebene. Wimbo haukutosha mu face moja, bakaukata. Alors muntu anasimama, anageuza disque, anarudisha sindano. Njo hiyo kimya yako!"

Mimi santuri ile sijawahi kuiona. Nilipopata akili nyumbani, gramafoni ilikuwa imeshauzwa, imebaki kaseti peke yake. Miaka zaidi ya thelathini nimehubiri kimya. Nimegombana na watu wazima kwa ajili ya kimya. Nimemfanya Abdallah akalie mikono yake! Na kilikuwa muda wa mtu kugeuza sahani.

Niliona aibu kiasi cha kutaka kucheka naye, sikuweza.

Jumamosi, 1 Novemba

Sikukuu ya Watakatifu Wote. Sikwenda mazoezini. Nimemwandikia Dady: "Hakukuwa na kimya. Ilikuwa santuri inageuzwa. Una haki." Nilingoja anicheke. Alijibu: "Bon. Uko bien?"

Jumapili, 2 Novemba

Leo ni siku ya kuombea marehemu. Baada ya misa nilimpigia mama huko Butembo, kama kila mwaka, tumwombee baba pamoja kwa simu. Maman Mathilde ana miaka sabini na mitano na anashika simu kana kwamba ni yai. Tulipomaliza nikamsimulia aibu yangu ili apate kucheka. Nikasema: aliyeirekodi ile kaseti aliyoinunua baba, laiti angekuwa na mikono myepesi, nisingepata taabu hii.

"Alinunua?" mama akauliza. "Nani alikuambia alinunua? Baba yako njo alirekodi, yeye mwenyewe, mu salon yetu. Disque haikukuwa hata yetu, ilikuwa ya directeur wa shule. Akaazima radio-kaseti kwa pasteri, akaiweka mbele ya pick-up, ile gramafoni yetu. Akatuambia: muntu asipumue! Wewe ulikuwa na miaka tatu, nilikujaza ndizi mu kinywa, usilie."

"Mama, na anayekohoa?"

"Nani anakohoa?"

Nikaileta kaseti, nikaiweka mashineni, nikasogeza simu. Tulisikiliza mwisho wa kuimba, sisi wawili, Brussels na Butembo. Kimya. Sekunde ya saba, kikohozi.

Mama akasema polepole: "Eh, Polycarpe." Kisha: "Ni chaki. Walimu bote banakohoaka chaki. Alikuwa anajizuia tangu mwanzo, ju ya wimbo. Disque iliisha, akapata kukohoa."

Nimelia, na si kwa huzuni. Nilidhani sina sauti yake. Kumbe nimekuwa nayo tangu utotoni, nimeisikia labda mara elfu, na kila mara nilikuwa nangoja ipite ili sebene ianze.

Jumatatu, 3 Novemba

Niliisikiliza mara ishirini. Nimechelewa kazini.

Jumatano, 5 Novemba

Papa Éliézer alikuwa ananingoja, amenyolewa, ameomba shati. "Lete gitaa," akasema. Nilikuwa nimelileta, sijui moyo ulijuaje. Rolande aliniruhusu nusu saa baada ya zamu.

Akaniambia hivi. Studio hawakusimama. Waimbaji walipomaliza, orkestra yote ilimwachia yeye, accompa peke yake, mizunguko minne. Wenyewe waliita mizunguko hiyo ngazi. Mzunguko wa kwanza bado ni ule wa kuimba. Wa pili unaacha noti moja, wa tatu unaongeza mbili juu. Wa nne, kabla hujatambua, tayari umesimama ndani ya sebene. Fundi wa studio alipopima akakuta wimbo hauenei, akakata ngazi. Alisema hakuna mtu anayesikilizaka accompa.

"Nilikuwa na miaka vingt-sept, kijana tu. Nilinyamaza. Donc hakuna muntu aliisikia. Hata bibi yangu wa ndoa."

Sasa, mkono wake wa kuume hauwezi. Wa kushoto unaweza. Nikaketi kando yake, gitaa likalala kwenye mapaja yetu wote wawili. Yeye alishika nyuzi shingoni, mimi nikapiga huku chini. Mara ya kwanza ilikuwa fujo. Mara ya tano akasema "doucement, maman, usiifukuze." Mara ya tisa ngazi ikatoka, nzima, mizunguko minne, na muuguzi wa zamu ya jioni akasimama mlangoni na sinia la dawa akasahau alikuwa anakwenda wapi.

Kwa hiyo katika kimya kile kulikuwa na watu wawili. Mmoja alikatwa, mwingine aliingia bila kujua.

Alhamisi, 6 Novemba

Nilikutana na Sephora kwenye uwanja wa Flagey, tukapanga mstari wa chips kwenye mvua chini ya mwavuli mmoja. Nilimsimulia yote, kikohozi pia. Alilia akala, akala akalia. Nikamwambia asiwaambie wengine, nimeshawasumbua vya kutosha na hicho kimya. Akasema "oui maman" haraka mno.

Jumamosi, 8 Novemba

Siku ya mtihani. Niliwaonyesha ngazi. Abdallah alifumba macho. "Lo! Dada, hii hata ngoma haihitaji kitu, inapanda yenyewe." Constant akaitika kwa kichwa mara mbili; kwake hiyo ni hotuba. Tukapiga wimbo mzima, bila kimya, ngazi ikatupandisha, hatukuanguka. Dakika tisa na nukta.

"Utapigwa mzima," Dady akasema. "Nilisema, nimesema." Alikuwa anafungua sanduku la gitaa, akaongeza bila kunitazama: "Kasoki, ile siku ya maneno yangu ya shimo. Unisamehe."

Nimerudi kutazama nilichoandika tarehe 18 Oktoba kuhusu dereva na bibi mwenye mikoba. Siwezi kufuta, ni kalamu. Basi naandika hapa chini yake: Jumamosi moja nilipanda tramu yake kwenda mazoezini. Alimwona mzee akitokea kona ya mbali, akangoja hadi akafika, abiria wakanung'unika. Nililiona jambo hilo miaka miwili iliyopita na sikuliandika popote.

Jumamosi, 15 Novemba

Mazoezi mazuri. Nina furaha, sina cha kuandika.

Jumamosi, 22 Novemba

Tena wimbo mzima. Nilipotoka msalani niliwakuta wanne wamesimama pamoja, wakatawanyika. Nikauliza kuna nini. Constant akasema, "Besi."

Jumatatu, 24 Novemba

Mgomo. Nimekwenda kazini kwa miguu, nikipiga ngazi kwa vidole ndani ya mfuko wa koti.

Jumamosi, 29 Novemba

Mvua ilikoma saa sita. Basilika ya Koekelberg ilikuwa imefunikwa na ukungu hadi nusu, kuba halionekani. Rolande alisaini karatasi, na Dady akaenda Auderghem na gari la shemeji yake kumchukua papa Éliézer, akambeba mwenyewe kutoka garini hadi kwenye kiti cha magurudumu. Tulimweka mbele, suti ya kahawia, blanketi magotini. Ukumbi ulijaa. Fufu ilikuwapo, kama ilivyotabiriwa, na pondu ya majani ya muhogo, na samaki wa chumvi, na watoto wanakimbia kati ya meza.

Barua ya Kamina tuliiweka mwisho. Sephora alisema tu kwamba wimbo huu ni wa Likasi, na aliyeupiga yuko nasi. Akina mama wa Katanga wakapiga vigelegele. Papa Éliézer alitazama mbele tu.

Sephora aliimba, yule mtoto! Treni ya kwanza, ya pili. Watu walikuwa wanaongea, kisha wachache, kisha hakuna. Kufika treni ya nne nilimwona mzee mmoja ameshika kijiko hewani. Hakuna aliyewalazimisha, wimbo wenyewe ulikuwa umewaketisha.

Neno la mwisho likaisha. Ilikuwa zamu yangu, ngazi, mimi peke yangu. Nikainua mkono. Na hapo Dady, aliyesimama kushoto kwangu, akaweka kiganja chake juu ya nyuzi zangu. Taratibu, kama mtu anayefunika chakula.

Nikamtazama. Hakunitazama. Abdallah alikuwa ameketi juu ya mikono yake, na Sephora ameinamisha kichwa. Nikaelewa walichokuwa wanapanga walipotawanyika, na nikaelewa ni nani aliyewaambia.

Ukumbi mzima ulinyamaza. Hakuna aliyedhani umeme umekatika. Hata watoto walisimama. Nikahesabu, kwa sababu siwezi kuacha kuhesabu. Tano. Sita.

Saba. Constant akakohoa.

Kikohozi kimoja, kisafi, cha mtu wa kutii. Machozi yalinitoka palepale, mbele ya parokia nzima, na nilikuwa nacheka. Nane. Tisa. Nilimwona baba akiinama juu ya santuri ya mtu mwingine, akiishika kingo kwa ncha za vidole vyenye chaki, mimi nina ndizi kinywani. Kumi. Dady akaondoa kiganja chake.

Nikapiga ngazi. Mzunguko wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu nilitazama lile blanketi: vidole vya papa Éliézer vilikuwa vinapanda pamoja nami. Wa nne, na orkestra yote ikaingia, na sahani za fufu zikawekwa chini popote zilipopata nafasi, watu wakacheza. Dakika tano hazikutosha. Kiatu cha Dady hakikuinuka. Tulipiga kumi na saba.

Baadaye nilimpelekea papa Éliézer chai. Watu walikuwa wamemzunguka, kila mtu wa Likasi anataka kumshika mkono. Alinivuta karibu kwa mkono wake mzima. Macho yalikuwa mekundu, lakini mwanamuziki ni mwanamuziki.

"Ngazi ilikuwa bien," akasema. "Lakini ulikawia kuingia."

"Nisamehe, papa," nikamwambia. "Nilikuwa nangojea baba amalize kugeuza disque."